Elektrodi ya bei poa kwa seli ya jua ya uzi: mwongozo kamili, toka kuchagua waya mpaka kuwasha kalkuleta

Maswali yanayokuja kuhusu seli hizi za jua zenye umbo la uzi ni yale yale kila siku. "Jana ilisoma nusu volti, leo imekufa." "Kaboni inabanduka nikiukunja waya." "Maji ya ayodini yamekuwa meupe, nifanyeje?" Na karibu kila mtu analaumu rangi, anasema labda choya langu (rozela, lile ua la kutolea rangi) la zamani, labda ningetumia zambarau. Jamani, choya halina kosa. Kosa liko kwenye ule waya wa pili ambao watu wanaukamata wowote ule, wanaupaka masizi, basi wanaona kazi imekwisha.

Kwa hiyo humu tutakaa sana kwenye huo waya wa pili, elektrodi ya kaboni, na hayo mengine tutayapita mbio kidogo. Utaratibu ninaotaka uushike ni mmoja tu: elektrodi inapimwa mwanzo, peke yake, kabla hujagusa rangi wala titaniamu. Ikifeli hapo umepoteza kipande cha waya na jioni moja. Ukiipima mwisho umepoteza kila kitu.

Kwa ufupi inafanyaje kazi

Seli ina nyuzi mbili ndani ya mrija wa plastiki uliojaa maji ya ayodini. Uzi wa kwanza ni titaniamu iliyopakwa unga mweupe wa titaniamu daioksaidi, na huo unga umekunywa rangi ya mmea. Mwanga ukipiga, rangi inatoa elektroni, elektroni zinapita kwenye titaniamu, zinatoka nje kufanya kazi, halafu zinarudi kwa uzi wa pili. Kwenye uzi wa pili kaboni ndo inazikabidhi kwa ayodini, na ayodini inazipeleka tena kwa rangi. Mzunguko umetimia.

Maabara kubwa uzi wa pili wanatumia platinamu, ambayo bei yake tusiizungumze. Kaboni inafanya kazi hiyo hiyo kwa senti chache, ila lazima itimize mambo matatu kwa pamoja: umeme upite kwa urefu wa uzi bila kuzuiwa, uso wake uwe na vinyweleo vingi vya kukutana na ayodini, na kilichomo chini ya kaboni kisiliwe na ayodini. Hilo la tatu ndo linalowaua wengi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze nusu nusu ukasema vyengine utatafuta njiani, mana kuna hatua hazisubiri.

Kwa elektrodi:
- Waya mwembamba wa stenlesi, milimita 0.2 mpaka 0.3, usiovishwa plastiki. Maduka ya zana za uvuvi wanao, ule wa kufungia ndoana za nguru ili asikate mshipi kwa meno.
- Grafaiti: unga wa kulainishia vitasa, au penseli laini za kuchorea (6B kwenda juu), au vijiti vyeusi vya ndani ya betri kubwa za tochi.
- Masizi ya koroboi.
- Unga wa CMC (kaboksimethili selulosi). Wapambaji keki wanautumia kukazia maua ya sukari, kwa hiyo uliza maduka ya vifaa vya keki, usihangaike na maduka ya kemikali.
- Spiriti, msasa laini, kinu kidogo cha kigae au cha jiwe.

Kwa seli yenyewe:
- Waya wa titaniamu milimita 0.25. Huu utaagiza, wanauza kwa ajili ya mapambo na sigara za umeme.
- Unga wa titaniamu daioksaidi, aina ya anatesi, usiovishwa kitu. Watengeneza sabuni wanao wa kung'arishia, ila wa sabuni mara nyingi umevishwa silika au alumina, na huo haunywi rangi vizuri. Soma paketi.
- Siki nyeupe, choya kavu.
- Potasiamu ayodaidi na ayodini, au dawa ya Lugol (maji yenye ayodini na ayodaidi tayari).
- Ethilini glaikoli.
- Mrija mwembamba wa plastiki, gundi ya mirija miwili ile ya kuchanganya, sirinji.
- Multimita, kile kipimo cha volti, omu na ampea. Ya bei rahisi inatosha.

Mizani ya jikoni haitafaa, tunapima chini ya gramu moja. Nenda kwa sonara, Mkunazini huko Mji Mkongwe wa Zanzibar au popote ulipo, muombe akupimie potasiamu ayodaidi kwa mizani yake ya dhahabu. Lakini ayodini ya chembe usimpelekee wazi wazi, mvuke wake unakula chuma na unatia madoa, iweke kwenye kichupa cha kioo kilichofungwa vizuri kabisa.

Hatua ya 1: Chagua waya kwa kipimo cha ayodini

Kata vipande vya kila waya unaoufikiria, kama sentimita tano tano. Visugue kwa msasa, vioshe kwa sabuni, vifute kwa spiriti. Chukua gilasi ndogo, kila waya gilasi yake, na gilasi moja zaidi isiyo na waya. Tia maji yenye matone ya Lugol mpaka yafike rangi ya strungi nyepesi, kiasi sawa kote. Funika kwa plastiki, acha mpaka kesho yake wakati kama huo.

Ile gilasi tupu usiidharau. Ayodini inatoroka yenyewe hewani, kwa hiyo rangi itapungua kidogo hata pasipo na waya, na bila ya kulinganisha utausingizia waya usio na hatia.

Kesho yake angalia:

Shaba itakuwa imechujisha maji na juu yake kuna utando wa weupe weupe. Hiyo ni shaba imegeuka kuwa ayodaidi. Waya wa bendi wa mafundi ujenzi na waya wa mabati mambo ni hayo hayo, maji yanapauka na ukiacha zaidi unaona kutu. Alumini pia inaliwa. Stenlesi nzuri maji yake yatabaki sawa na ile gilasi tupu, na waya utatoka unang'aa kama ulivyoingia.

Kuna wanaojitetea kwamba "lakini mimi shaba nimeifunika kwa kaboni". Kaboni unayoipaka wewe ina matundu, na lazima iwe na matundu, ndo kazi yake. Ayodini itapenya tu. Shaba ikishaliwa chini, kaboni inakosa pa kushika inabanduka, na ayodini inaisha kwenye maji. Yale malalamiko matatu ya mwanzo yote yanatoka hapa.

Sumaku isikudanganye. Watu wanasema stenlesi haishiki sumaku, lakini ukishavutwa kuwa waya mwembamba huwa unashika kidogo hata ukiwa mzuri. Amini gilasi.

Na kwa vile najua tulivyo, mtu atafikiria nyuzi za udi wa nyumbani, ule wa kupigia taarabu. Zile nene zimezungushiwa shaba iliyopakwa fedha, na fedha nayo inaliwa na ayodini, zile nyembamba ni nailoni. Za kanuni, ala nyengine ya taarabu, nazo nyingi ni nailoni. Muachie mzee udi wake.

*Vipi uzi wa kaboni wenyewe?* Mafundi wengine wa boti wanao, ule mweusi unaong'aa, hauliwi na ayodini hata kidogo na unakunjika vizuri sana. Tatizo ni ukinzani. Fungu la nyuzi elfu tatu linakupa kama omu 14 kwa kila sentimita 10, wakati stenlesi ya milimita 0.3 urefu huo ni kama omu moja. Kwa seli fupi ya sentimita tatu nne tumia tu, ila loweka mwanzo kwenye asetoni kuondoa ule utando wa kiwandani, mana unazuia kaboni yako isishike. Kwa seli ndefu rudi kwenye stenlesi.

Hatua ya 2: Andaa kaboni za aina mbili

Kwa nini mbili? Grafaiti inapitisha umeme vizuri lakini chembe zake ni bapa na kubwa, uso wake mdogo. Masizi chembe zake ni ndogo mno, uso mkubwa, lakini peke yake yanapasuka yakikauka. Ukichanganya, grafaiti inakuwa njia na masizi yanakuwa mahali pa kufanyia kazi.

*Grafaiti.* Ukitumia vijiti vya betri, vichome mwanzo juu ya makaa mpaka viache kutoa moshi, mana vimenyweshwa nta, halafu vitwange. Ule unga mweusi unaozunguka kijiti usiutie hapa, sio kaboni tupu, umo manganizi na chumvi za betri. Vaa glavu ukifungua na usifungulie jikoni. Ukitumia penseli jua kwamba ndani yake umo udongo, na HB ina udongo mwingi kuliko 6B, ndo mana nikasema laini.

Twanga, chekecha kwa kitambaa cha hariri au soksi ya nailoni, twanga tena kilichobaki. Ukisugua baina ya vidole usihisi mchanga.

*Masizi.* Washa koroboi, vuta utambi juu itoe moshi, shikilia sahani ya udongo juu ya ulimi wa moto, kwangua. Fanyia nje na ufunge pua, hayo si ya kuvuta. Masizi ya mafuta ya taa yanakuja na mafuta mafuta yake na hayo yanazuia umeme, kwa hiyo yatie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, toboa kitundu kimoja cha msumari, weka juu ya seredani iliyokolea kama nusu saa mpaka moshi ukate kwenye kitundu. Usifungue likiwa la moto. Kaboni ya moto ikikutana na hewa inaungua na utakuta jivu tu.

Kipimo chake: tia unga kwenye kibomba cha biro, ubane kwa misumari miwili huku na huku, pima omu. Unavyozidi kubana ndivyo namba inavyoshuka. Grafaiti itashuka mpaka omu chache, masizi yaliyochomwa yatakuwa juu zaidi lakini yasome kitu. Yakikataa kusoma kabisa yarudishe motoni.

Hapa watu wa Pemba wataniuliza makaa ya vifuu, mana vifuu vimejaa. Yanafaa kuongeza uso, lakini makaa yaliyochomwa kwa moto wa kawaida hayapitishi umeme vizuri, yapime kwa hicho kibomba utajionea. Yakisoma, changanya kidogo badala ya masizi. Yasiposoma pikia chai.

Hatua ya 3: Pika uji wa kaboni

Vipimo vya kuanzia:
- Grafaiti gramu 4
- Masizi gramu 1
- CMC gramu 0.25
- Maji safi mililita 15

Nyunyiza CMC juu ya maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku unakoroga, ukiutia wote kwa mkupuo unafanya madonge ambayo hayavunjiki. Acha ulale usiku kucha uvimbe wenyewe.

Masizi yanakataa maji, yataelea juu na kukucheka. Yalainishe kwanza kwa matone ya spiriti mpaka yawe kama tope, ndo uyatie kwenye grafaiti, halafu maji ya CMC kidogo kidogo, unatwanga tu. Twanga zaidi ya unavyodhani inatosha. Uji mzuri ukiuchovya kijiti unashuka kwa utando mmoja unaong'aa bila ya chembe.

Sasa kwa nini CMC na sio gundi ya wanga? Hili linawaponza wengi na inauma mana wanga wa muhogo uko kila nyumba. Wanga unaikamata ayodini, ile rangi ya buluu nyeusi tuliyoiona skuli kwenye kupima wanga ndo hiyo hiyo, na ayodini ikishakamatwa haifanyi kazi yako tena. Gundi nyeupe ya mbao nayo nyingi zina kitu kinachoshika ayodini. CMC ndo wanayofungia grafaiti kwenye betri za simu, inakunjika, na haiyeyuki kirahisi kwenye glaikoli.

Inayeyuka kwenye maji lakini, na tutalikumbuka hilo kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Zungusha kwanza, paka baadaye

Ukipaka waya ulionyooka halafu ukauzungusha, kaboni ya upande wa nje inavutika inapasuka. Kwa hiyo uzungushe waya mtupu kwenye sindano nene au spoki nyembamba uwe springi, kila mzunguko uache nafasi ya milimita tatu au nne. Ukibana sana springi itafunika jua lisifike kwenye titaniamu. Waya wa uvuvi ni mgumu, ukiuachia unatanuka, kwa hiyo chagua sindano nyembamba kuliko unavyotaka ndani. Lengo titaniamu iingie katikati bila kusukumwa lakini isicheze cheze, mana glaikoli ni nzito na nafasi kubwa inapunguza umeme.

Urefu wa springi sentimita tano unatosha kuanzia, na ubakishe mkia ulionyooka sentimita tatu wa kutokea nje.

Halafu:
1. Sugua kwa msasa kabla ya kuzungusha, mikwaruzo ndo inayoshikilia kaboni. Baada ya kuzungusha osha, spiriti, kausha, na kuanzia hapo shika mkia tu. Mafuta ya vidole yanatosha kuharibu.
2. Chovya, toa taratibu, kung'uta mara moja. Utando ukiziba baina ya mizunguko upulize.
3. Kausha kabisa kwenye feni au juani, halafu chovya tena. Mikono mitatu minne myembamba. Mkono mmoja mnene unapasuka, hilo halina mjadala.
4. Mwisho oka kwenye oveni ya keki, joto la nyuzi 120 mpaka 150 za Selsiasi, nusu saa. Usizidishe. Karibu na 200 na kitu CMC inaanza kuungua na kaboni inakuwa unga.

Ikitoka iwe nyeusi isiyo na mng'aro mkubwa, bila mistari ya chuma inayoonekana. Tumia tochi ya simu kuangalia upande wa ndani wa springi, ndo panapokosewa.

Hatua ya 5: Vipimo vitatu, usiruke hata kimoja

*Kukunja.* Ikunje kuzunguka biro, inyooshe, fanya hivyo mara kadhaa juu ya karatasi nyeupe. Vumbi kidogo sio neno. Vikianguka vipande, uji wako una CMC kidogo au waya haukusafishwa.

*Omu.* Pima mkia mpaka ncha kabla ya kukunja na baada ya kukunja. Namba isibadilike. Kumbuka waya za multimita zenyewe zina omu yao ndogo, zigusanishe mwanzo uitoe hiyo.

*Volti sifuri.* Hiki ndo kipimo kikubwa na sijui kwa nini hakizungumzwi. Tia maji ya ayodini ya hatua ya 7 kwenye gilasi ndogo, chovya elektrodi yako, na kando yake chovya risasi ya penseli iliyomenywa mbao, visigusane. Pima volti baina yao. Vyote viwili ni kaboni kwenye maji yale yale, kwa hiyo havina sababu ya kutofautiana: unatakiwa usome karibu na sifuri, milivolti chache au makumi machache, na itulie. Ukisoma mamia ya milivolti, kuna chuma kimefichuka mahali na kinaliwa muda huo huo unapotazama. Pakeni upya au badilisheni waya.

Sasa utaelewa kwa nini mtu anasema seli yake "ilisoma nusu volti" halafu ikafa. Alitengeneza betri. Chuma kinaliwa, umeme unatoka, chuma kimekwisha, umeme umekwisha, na jua halikuhusika.

Hatua ya 6: Uzi wa titaniamu

Kata sentimita 10, sugua kwa msasa, safisha. Changanya gramu 2 za titaniamu daioksaidi na kama mililita 3 za siki iliyozimuliwa kwa maji, tone kwa tone huku unatwanga, mwisho tone moja la sabuni ya vyombo. Chovya sentimita sita za waya, kausha, rudia mara mbili tatu. Uwe mwembamba sana, ukifika unene wa karatasi ya daftari umeshapita kiasi na utapasuka.

Kisha moto wa nyuzi 450, nusu saa. Ukiwa na rafiki kwenye maabara ya chuo mwenye tanuri, mtafute. Huna, basi seredani: weka waya ndani ya kopo safi lenye kifuniko katikati ya makaa yaliyoiva. Dalili ni rangi, weupe utageuka kahawia kidogo mana sabuni na siki vinaungua, halafu utarudi kuwa mweupe. Ukirudi mweupe uache kidogo tena, kisha uache upoe taratibu humo humo. Sehemu ya titaniamu isiyopakwa itakuwa na rangi za njano, zambarau au buluu, usishtuke.

Chemsha choya kavu kwa maji kidogo sana, *bila sukari*, kwenye sufuria ya stenlesi au kioo. Chuja. Uzi ukiwa bado wa moto kiasi cha kushikika uzamishe humo, uache masaa kadhaa. Ukitoka uwe zambarau iliyokolea mpaka ndani. Ukiwa waridi hafifu, unga wako ulikuwa umevishwa au moto haukutosha.

Suuza kwa spiriti, na ukauke hasa. Hapa ndo yale maji na CMC yanakutana: ukiingiza uzi wenye maji ndani ya springi unailainisha kaboni yako mwenyewe. Wakati wa masika fanya kazi hii mchana wa jua, na vitu vilivyokwisha viweke kwenye chupa na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu.

Hatua ya 7: Maji ya ayodini

Kwa mililita 10 za ethilini glaikoli: potasiamu ayodaidi gramu 0.83, ayodini gramu 0.127. Tia ayodaidi kwanza iyeyuke, ndo ayodini, mana ayodini inaingia vizuri ikiikuta ayodaidi imo.

Huna chembe za ayodini? Lugol ya asilimia 5: mililita 2.5 za Lugol, mililita 7.5 za glaikoli, ongeza ayodaidi gramu 0.6. Utafika karibu na pale pale, ila humu maji yamo mengi, na maji yanaing'oa rangi ya choya mapema, na CMC nayo hayapendi. Kwa kujifunzia inatosha. Ile dawa ya vidonda ya kahawia ya hospitali usitumie, ayodini yake imefungwa kwenye plastiki.

Onyo: ethilini glaikoli ni sumu na ni tamu. Mtoto au paka akiilamba ni hatari ya kweli. Isikae kwenye chupa ya soda hata dakika moja. Ukiwa na watoto wadogo ndani tumia glisarini ya famasi, ni nzito zaidi na umeme utapungua, lakini utalala usingizi. Kulanti ya gari usitumie, ina maji, rangi na dawa za kuzuia kutu zitakazokuchanganya.

Hatua ya 8: Kuunga

Pitisha uzi wa titaniamu ndani ya springi, mkia wa titaniamu utokee upande mmoja na wa stenlesi upande wa pili. Ncha tupu ya titaniamu isiguse springi.

Pima omu sasa hivi, pakavu. Multimita isisome kitu. Ikisoma omu chache nyuzi zinagusana, na ukiendelea utapata sifuri ya milele, kwa hiyo toa, zungushia uzi mwembamba wa nailoni kwa nafasi nafasi, rudisha.

Ingiza kwenye mrija. Mrija wa dripu unafaa kwa kuanzia, unapatikana na unaona ndani, ingawa utageuka njano kwa ayodini baada ya muda. Wa silikoni usiuguse, ayodini inapita ukutani kwake inatoka nje. Ziba upande mmoja kwa gundi ya mirija miwili, acha ikauke kabisa, jaza kwa sirinji toka chini kupanda juu ili povu litoke, ziba wa pili.

Risasi ya kuchomelea haishiki titaniamu wala stenlesi kwa njia ya kawaida, usipoteze muda. Sugua mkia kwa msasa, usokote na waya wa shaba, ubane kwa koleo ndani ya kibomba kidogo cha chuma. Shaba nje inaruhusiwa, ila isifikwe na tone la ayodini.

Hatua ya 9: Kupima na jua, na kupima na giza

Toka nje saa sita mchana. Waya mwekundu wa multimita kwenye stenlesi, mweusi kwenye titaniamu. Tegemea volti 0.3 mpaka 0.5. Halafu weka kwenye maikroampea: kwa sentimita tano na rangi ya choya makumi ya maikroampea ni kazi nzuri. Wenye maabara, platinamu na rangi za rutheniamu wanapata zaidi sana, sisi tuko kwenye ligi yetu.

Sasa funika seli kwa kitambaa cheusi kizito, buibui lililokunjwa linafaa. Volti ianze kushuka na iendelee kwenda sifuri. Ikibaki pale pale gizani, rudi hatua ya 5, umetengeneza betri.

Kuchaji simu sahau. Uzi mmoja unatoa sehemu ndogo ya miliwati na simu inataka wati kadhaa. Lakini kalkuleta ndogo ya betri ya kitufe inakula maikroampea chache tu. Unga nyuzi nne au tano kwa mfululizo, stenlesi ya huu na titaniamu ya unaofuata, utafika volti 1.5 hivi, toa betri, unga hapo. Ikiwaka, zikunje zile nyuzi taratibu kwenye mkono wa kikapu cha ukili huku unatazama namba. Zikififia unapokunja tu na kurudi ukinyoosha, ni mgusano wa nyuzi za ndani. Zikififia na zisirudi, kaboni imepasuka.

Kuhusu kudumu: siku hadi wiki kwa choya na mrija wa dripu. Rangi ya mmea inapauka, hilo halina dawa. Elektrodi ya kaboni ikiwa ilipita vipimo inatoka nzima, ikate mrija, ioshe kwa spiriti, ikauke, uitumie kwenye seli inayofuata.

Kumwaga uchafu

Maji ya ayodini usiyamwage kama yalivyo. Saga vidonge vya vitamini C vya famasi, tia na koroga mpaka rangi ya kahawia ipotee yote, hapo ayodini imegeuka ayodaidi na haitii madoa wala haili chuma. Glaikoli bado imo, kwa hiyo ifunge kwenye chupa yenye alama mbali na kisima na mbali na mifugo, mpaka upate mahali wanapopokea taka za maabara au kulanti chakavu. Madoa ya mikononi na kwenye meza yanatoka kwa vitamini C hiyo hiyo.